Huku shuleni wanamwita Redio

Mimi ni mtu wa makaratasi. Kazi yangu ni kliaringi, kupitisha mizigo ya watu forodhani, hapa Busia, upande wa Uganda, mwaka wa kumi na sita sasa, na ukitaka kujua akili yangu imekaa wapi, imekaa kwenye lebo. Trela ikitoka Mombasa hakuna anayeuliza ndani kuna nini, wanauliza karatasi inasema ndani kuna nini. Kila bidhaa ina namba yake, hapa Afrika Mashariki ni tarakimu nane, mitumba kwa mfano inaanza na 6309, hiyo ata ukiniamsha saa nane za usiku nitakuambia. Na kama mzigo haueleweki, basi kuna "nyinginezo". Karibu kila kundi kwenye kile kitabu cha ushuru linaishia na nyinginezo. Ajenti mvivu anapenda sana nyinginezo manake haitaki kufikiri, unatupa mzigo pale, unapiga hesabu, unaenda kunywa chai.

Naandika haya juu mtoto wangu wa pili, ambaye ana miaka tisa na yuko P.3, yaani darasa la tatu, aliwekwa kwenye nyinginezo mbele ya macho yangu, na mimi nimekaa pale kwenye benchi la wageni ofisini kwa hedimasta nikitingisha kichwa ati ndiyo.

Twende polepole. Mtoto alizaliwa vizuri tu, akakaa, akatambaa, akatembea, lakini ukimwita jina hageuki. Ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Kwa hiyo masikio yapo. Miaka mitatu hakuna neno, si mama si baba, na majirani wakampa jina la kwanza, kasiru, ambalo kwa Kiganda ni bubu lakini ukilisema kwa mdomo fulani ni mjinga pia. Mama yangu mzazi, wajukuu wanamwita jaja, yeye akasema kuna mtu amemfunga mtoto ulimi na akataka nitoe mbuzi. Nikatoa mbuzi. Sijifanyi msomi hapa, nilitoa mbuzi na kuku wawili na nikapiga magoti nilipoambiwa nipige.

Alafu akiwa na miaka minne na nusu akaongea, ila hakuanza na neno, alianza na tangazo. Jikoni kwetu kuna redio ndogo inakaa dirishani, inashika stesheni za upande wa Kenya vizuri kuliko za kwetu, na jioni wanasoma matangazo ya vifo. Siku hiyo mtoto amekaa chini anapanga vifuniko vya soda, mara nasikia sauti ya mtangazaji, ile ya taratibu, yenye huzuni ya kulipwa, lakini inatoka chini sakafuni: familia inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, na mashemeji wakatajwa, na wajukuu, na njia ya kufika ukishuka stendi, alafu akamalizia, "maziko ni kesho saa nane." Mama yake akaangusha mwiko. Mtoto ambaye hajawahi kusema maji ametangaza msiba mzima.

Sasa huyo ndo umpeleke shule.

Tulianza na shule ya kulipa, sitaitaja, ina geti la bluu na Mickey Mouse aliyechorwa ukutani mpaka anatisha. Nilifikiri darasa dogo litamsaidia. Kwenye intavyuu madam akamuonyesha kalamu nyekundu akamuuliza rangi gani, mtoto akamsomea namba pleti ya gari lililopaki nje, herufi zote na namba zote. Herufi alijifunza kwenye matrela, hapa kwetu yanapanga foleni barabarani kuliko miti, KC nini, UA nini, anazisoma kama mtu anasali. Wakacheka, wakampokea, nafikiri juu nilikuwa nimeshalipa.

Wiki ya pili, kengele. Kengele ya shule nyingi huku ni rimu ya lori imening'inizwa kwenye mwembe na mtoto mkubwa anaigonga na chuma, na ile sauti kwa mwanangu sijui ni nini, labda ni kama mtu amekugonga meno. Alikimbia. Akapita getini, akavuka barabara ya lami, mtu wa boda ndo alimkamata. Na kwa wasiojua, hii kazi ya boda boda jina lake linatoka hapa hapa kwetu, walikuwa wanavusha watu na baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, boda to boda, kwa hiyo naona ni haki yetu wao kutuokolea watoto. Yule kijana wa boda hakutaka ata shilingi.

Wiki ya nne akatangaza kifo kwenye paredi. Asubuhi, shule nzima imejipanga, mkurugenzi mwenye shule anahutubia, na baba yake mkurugenzi wakati huo amelazwa hospitali hali mbaya na shule nzima inajua, alafu kutoka mstari wa nasari ikatoka ile sauti. Familia inasikitika. Mpaka maziko saa nane. Nakuambia nilipoitwa sikuuliza kwa nini nimeitwa.

Mkurugenzi alikuwa mpole kabisa, nimpe haki yake. Akasema, "Mzee, mtoto wako tunampenda, lakini hapa sio mahali pake. Mtafutie shule ya watu kama yeye." Nikamuuliza hiyo shule iko wapi. Akanyamaza. Hapo ndo nilielewa kwamba "watu kama yeye" ni lebo isiyo na namba, inakutoa getini lakini haikupeleki popote. Na pia tuseme ukweli wa biashara: shule ya kulipa Uganda inaishi kwa PLE, mtihani wa P.7, matokeo yakitoka wanabandika mabango ya waliopata divisheni wani kutoka mzunguko wa barabara hadi sokoni, na mtoto ambaye hujui mtihani atafanyaje ni hasara inayotembea. Hakuna mtu mbaya pale. Ni hesabu tu.

Tukaenda Kampala, kama kilomita 200, mimi na mama yake na yeye katikati amebeba vifuniko vyake vya soda kwenye soksi. Mimi nilitaka wampige picha ya kichwa. Nilikuwa na pesa ya picha, nimeuza pikipiki. Daktari, mama mmoja mtulivu, akaanza na masikio, yakawa mazima, alafu akaniambia hakuna kipimo cha damu cha kitu anachokishuku na hakuna eksirei inayokionyesha, kinaonekana kwa kumwangalia mtoto na kuwauliza wanaoishi naye. Karibu saa mbili anauliza. Anakuonyesha kitu kwa kidole ili mkiangalie pamoja? Anacheza mchezo wa kuigiza? Anarudia maneno? Kitu kikihamishwa mahali pake inakuwaje? Baadaye nilikuja kusoma kwamba watafiti wa Makerere walichukua yale Maswali Kumi ya zamani ya kutafuta ulemavu kwa watoto wakayaongeza hadi maswali 23 ili yanase na hii hali, wakayajaribu kwa watoto 1,169 wa Kampala na Wakiso na kuchapisha 2014. Kwa hiyo sio kitu cha wazungu tu kimeletwa kwenye ndege, watu wetu wamekaa chini wakauliza wamama wetu kwa lugha zetu.

Akaandika: otizimu. Mama yake akalia kimya kimya, machozi tu. Mimi, naona aibu kusema, nilifurahi. Mzigo umepata namba.

(Kwenye stesheni za Tanzania wanaita usonji. Neno zuri, lina heshima, ila nilipolitumia hapa Busia kila mtu aliniuliza ni dawa ya nini. Kwa hiyo naandika otizimu, mnisamehe.)

Usiku sikulala, nikawa nasoma kwenye simu mpaka bando likaisha. Nikakuta kwamba lebo yenyewe haijatulia. Mwaka 1943 daktari mmoja wa Baltimore, Marekani, anaitwa Leo Kanner, aliandika juu ya watoto 11 na ndo jina likashika. Alafu kwa miaka mingi wakubwa wakawalaumu akina mama, ati mama baridi kama friji ndo anamfanya mtoto ajifunge, na nikafikiria mama watoto wangu ambaye shangazi zangu walisema alikula nini sijui akiwa na mimba, nikaona kumbe ujinga hauna pasipoti. Wakaja na lebo nyingine, Asperger, 2013 wakaifuta, wakaweka kila mtu kwenye jina moja lenye ngazi tatu, na hizo ngazi hazisemi mtoto ana akili kiasi gani, zinasema anahitaji msaada kiasi gani. Ni kama tarifu zetu za forodha, kila Julai mosi zinabadilika na mzigo ni ule ule.

Lakini kilichonishika ni yule mtoto wa kwanza kwenye ile orodha ya Kanner. Donald Triplett, wa mji mdogo unaitwa Forest, jimbo la Mississippi. Akiwa na miaka mitatu, 1937, walimweka kwenye taasisi mbali na kwao, wazazi wakaambiwa wamwache, mwaka uliofuata wakaenda kumchukua. Baadaye wakampeleka akae kwa mkulima na mkewe. Donald alikuwa mtu wa kuhesabu, anahesabu kila kitu, anapima kila kitu. Yule mkulima hakumpiga wala hakumwombea. Alimpa jembe la kukokotwa na farasi akamwambia ahesabu mistari ya mahindi huku analima. Donald alikuwa na wazimu wa kupima, mkulima akampa kazi ya kuchimba kisima na kuripoti kimefika kina gani. Kanner alipoenda kumtembelea 1945 akamkuta anahesabu mistari na farasi na jembe vinakwenda sawa, na anasoma shule ya kijijini ambako walikuwa wameshamzoea. Huyo mtu alikuja kumaliza chuo, akafanya kazi benki, akacheza gofu, akafa 2023 ana miaka 89 kwao pale pale. Najua familia yake ilikuwa na pesa, ata hiyo benki walikuwa na mkono ndani, usifikiri sijaona. Ila mkulima yule hakuwa na cheti chochote. Mahindi tu. Na mahindi ata sisi tunayo.

Basi nikachukua barua ya hospitali, nikaenda shule ya serikali, ya UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Hii UPE ilipoanza 1997 walisema watoto wanne kila familia watasoma bure, na mtoto mwenye ulemavu awe kwenye wale wa kwanza. Na sheria ya watu wenye ulemavu ya 2020 inakataza shule kumbagua mtoto kwa ulemavu wake. Kwa karatasi tuko vizuri sana Uganda, sisemi kwa kejeli, mimi naheshimu karatasi. Hedimasta alisoma barua mara mbili akasema karibu. Watoto 97 darasani. Rimu ya lori kwenye mti.

Alafu akatoa fomu ya takwimu ya wizara. Kulikuwa na safu kwenye ile karatasi aliyokuwa nayo siku hiyo, macho, masikio, viungo, akili, na ile ya mwisho mnaijua. Akaniuliza, "Mzee, huyu tumweke wapi?" Nikasema akili hapana. Akasema, "Basi tuandike nyinginezo." Akaandika 1. Na mimi nikatingisha kichwa.

Nimeifikiria hiyo 1 sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu 1 kwa kila 127. Shule ile ina watoto 900 na kitu, piga hesabu mwenyewe, ni kama saba. Wale wengine sita wako wapi? Mimi nadhani wako humo humo wameandikwa majina mengine: mkaidi, mvivu, ana kiburi, ameharibiwa na mama yake, huyu haongei ni aibu tu. Hayo nayo ni malebo, ila hayo hayahitaji daktari wala barua, yanaandikwa kwa fimbo. Kwa hiyo mtu akiniambia tusiwape watoto lebo, namwuliza, unafikiri saa hii hawana?

Ila mama watoto alikuwa upande mwingine na lazima nimtendee haki manake kwenye moja alinishinda. Hakutaka nipeleke ile barua shule. Alisema, "Ukishasema huwezi kurudisha." Nikamwambia bila karatasi hawatamsaidia, ata UNEB, baraza la mitihani, wakifika P.7 wanawapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 45 za ziada, lakini lazima shule iwaandikishe mapema kwamba wako hivyo, bila lebo hakuna dakika. Akasema, "Huyo yuko P.1 wewe unaongea P.7." Nikapeleka.

Mwisho wa muhula nikafungua daftari lake. Mwezi wa kwanza, kabla barua haijamfikia mwalimu wa darasa, kuna wino mwekundu kila ukurasa, makosa mengi, tiki chache, mahali pengine "see me" ya hasira. Alafu kuna tarehe moja, na baada ya hapo wino umekatika. Kurasa ishirini na tatu, nilizihesabu, mtoto ameandika, ameandika vizuri ata, namba moja mpaka mia kwa mstari uliopinda, alafu namba pleti, na hakuna alama yoyote, si tiki si kosa. Nikaenda kumwuliza mwalimu. Akaniambia kwa huruma kabisa, "Si huyu ana shida yake? Tunamwacha tu apumzike."

Sikumwambia mama yake siku hiyo. Nilimwambia Jumapili, na hakusema nilikuambia, alifunga daftari tu akaliweka juu ya kabati.

Hapo ndo sikubaliani na hili neno elimu jumuishi jinsi linavyotumika. Kwenye semina ni neno kubwa. Shuleni maana yake mtoto amekaa ndani ya ukuta ule ule na wenzake. Mzigo uko ghala, karatasi iko sawa, hakuna mtu anaufungua. Chuo kikuu cha Kyambogo wanafundisha walimu wa mahitaji maalumu, na kwenye shule yetu yupo mwalimu mmoja aliyepita huko. Mnajua anafundisha darasa gani? P.7. Juu ni mwalimu mzuri na PLE inataka walimu wazuri.

P.2 akapata Madam mwingine, mama wa makamo kutoka upande wa Tororo, mnene, ana sauti ya kwaya, hana kozi yoyote ya mahitaji maalumu. Siku ya kwanza nikampa barua. Akaiweka kwenye kibeti bila kuisoma akaniambia, "Hii nitaisoma nyumbani. Sasa niambie wewe, akikasirika anafanya nini, na nini kinamtuliza?" Mtu wangu, miaka saba na hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo, si shule, si kanisa, si ndugu. Nikakwama. Nikasema nitakuandikia.

Usiku mimi na mama yake tukakaa na taa tukaandika kadi, na hii ndo mara ya kwanza tulikubaliana tangu Kampala. Neno otizimu liliingia mara moja, juu kabisa, kwa herufi ndogo. Mengine yalikuwa haya: Kengele inamwuma, mwambie dakika moja kabla. Usimshike bega kutoka nyuma. Ukimpa maagizo matatu atashika la mwisho, mpe moja moja. Akitazama dirisha anakusikia. Na mama yake akaongeza la mwisho, ambalo mimi sikuwa nimeligundua kabisa: akisema "maziko ni kesho saa nane," maana yake amechoka, imetosha, mtoe nje kidogo. Nikamwangalia. Akasema, "Hujawahi kuona? Wageni wakikaa sana anasema. Chakula kikimshinda anasema. Tangazo likifika hapo limeisha, sivyo?" Mimi mwenye kazi ya kusoma karatasi za watu, na mtoto wangu alikuwa ananiandikia miaka mitatu sioni.

Madam akabandika kadi ndani ya mlango wa kabati lake, sio ukutani ambapo watoto wanasoma. Hilo sikumwambia, alifikiri mwenyewe. Alafu akafanya kitu ambacho kilinitisha niliposikia: alimpa mtoto chuma cha kengele. Ati kama inamwuma ikimshtukiza, basi aigonge yeye. Wiki ya kwanza aligonga mara moja kidogo sana, tii, akatupa chuma akaziba masikio. Wiki ya tatu anagonga vizuri. Muhula uliofuata akawa anasimama chini ya mwembe dakika tano kabla na saa ya Madam mkononi, na ole wako umwambie mapumziko yamesogezwa mbele. Watoto wakambadilishia cheo, sio jina. Jina lilibaki Redio, toka siku ya kwanza alipowatangazia msiba wao pia. Nilipojua nilitaka kwenda kugomba, Madam akaniambia, "Wacha kwanza uone wanalisema vipi." Nikaenda saa ya uji nikakaa nyuma ya jiko. Kuna wakati wanalisema vibaya, kuna kijana mmoja wa P.5 nilimuona nikamkumbuka sura. Lakini pia kuna kasichana kadogo kalikuja na kikombe kakamwambia, "Redio, leo magari mangapi?" akamwambia, kakaenda. Sijui hiyo nayo niiweke kwenye safu gani.

Na tafadhali msianze na hadithi ya jiniasi. Kila nikisimulia habari ya namba pleti kuna mtu ananiambia hao ndo huwa wanagundua vitu, subiri utaona. Sisubiri chochote. Kuvaa viatu bado ni vita. Kujumlisha anaweza, kutoa hataki, anaona kama umemwibia. Jiniasi nayo ni lebo, na ni nzito kwa mtoto ambaye leo amelia saa nzima kwa sababu soksi ina uzi ndani.

Wala sisemi kila mtoto wa aina hii akae kwenye darasa la watoto 97, hapana. Kuna wengine ngazi yao ni nyingine kabisa, wanahitaji mtu mmoja pembeni siku nzima, na zile yuniti chache, madarasa maalumu, zilizoko kwenye shule za kawaida nyingi zimejengwa kwa ajili ya viziwi na vipofu. Nyuma ya soko kuna mama anamfunga kijana wake kamba kiunoni akienda kuuza nyanya, kamba ndefu, imefungwa kitambaa isimkwaruze. Watu wanamsema. Mimi nimesimama pale nikaiangalia ile barabara na yale matrela, nikakumbuka siku ya geti la bluu, nikashindwa kumsema.

Mwaka huu Januari Madam akahamishwa. Walimu wa serikali wanahamishwa, hakuna aliyefanya kosa, karatasi imetoka wilayani na yeye akabeba godoro lake. Kadi akanirudishia, ameisahihisha kwa wino mwekundu: kwenye "usimshike bega" ameongeza "mkono wa kulia anakubali". Nimeitoa kopi tatu.

Mwalimu wa P.3 ni kijana, wa kiume, miaka kama ishirini na sita, viatu vinang'aa. Siku ya kufungua nikampa barua na kadi, akasoma kadi pale pale amesimama, akafika kwenye mstari wa maziko akacheka, alafu akaona sicheki akaikunja akaiweka mfuko wa shati. Nikasema haya, tumeanza tena sifuri. Sikuondoka, nilikaa kwa mwenye duka la chapati mkabala na shule nikijifanya nasubiri simu ya mteja.

Asembli ikawa ndefu. Hedimasta akaongea, alafu mwenyekiti wa wazazi akaongea, habari ya rimu za karatasi na mifagio na wazazi wasiolipa pesa ya uji, jua limeshapanda, watoto wanahamisha uzito mguu huu mguu ule. Nikamuona wangu kwenye mstari wa P.3 anaanza kutikisa vidole. Mwenyekiti akasema ana mambo matatu ya mwisho. Akaanza la kwanza, na kutoka katikati ya mstari, kwa ile sauti ya taratibu yenye huzuni ya kulipwa, shule nzima ikasikia: "Maziko ni kesho saa nane."

Watoto wakalipuka kwa kicheko. Mwenyekiti akanyamaza mdomo wazi. Yule mwalimu kijana akageuka, akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati lakini hakutoa kitu, akatembea kwa mbele ya mstari ambapo mtoto anamuona, akamnyooshea mkono wa kulia, na wakaondoka wawili polepole kuelekea bombani.